Unalala masaa nane halafu unaamka kama ulikuwa unabeba zege: ukirudi hospitali useme nini

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niko Morogoro, nina miaka 47. Nina sukari mwaka wa tisa sasa na presha mwaka wa sita. Za sukari natumia metformini na glibenklamidi, za presha amlodipini na ile ya kukojoza, za presha zote namezaga usiku ili nisisahau. Shida yangu ni usingizi. Sio kwamba siupati, nalala saa tatu usiku naamka saa kumi na moja alfajiri, lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kichwa kizito, darasani nasinzia na kalamu mkononi. Usiku nakojoa mara tatu, nne. Mume wangu analalamika nakoroma. Nimeshaenda hospitali mara mbili, wa kwanza kasema ni mawazo, wa pili kasema mwili wa mtu wa sukari ndivyo ulivyo, nizoee. Duka la dawa wananipa Piriton. Je nikirudi tena niseme nini wanielewe, au kweli nizoee tu?"

Marahaba mwalimu. Usizoee. Nimeanza na hilo kwa sababu neno "zoea" nalisikia sana kwa wagonjwa wa kliniki za sukari, presha, figo, seli mundu, na linaniuma maana nyuma yake mara nyingi kuna kitu kinachotibika, tena saa nyingine kwa kubadilisha tu saa ya kumeza kidonge. Kuwa na ugonjwa wa kudumu hakumaanishi kwamba usingizi uache kufanya kazi yake. Mtu mzima akilala masaa saba mpaka tisa anatakiwa aamke ana nguvu ya kuianza siku, asipoipata wiki baada ya wiki hiyo ni dalili kamili kama ilivyo homa, na dalili inatafutiwa chanzo.

Sasa shida iko wapi, shida ni kwamba ukiingia chumba cha daktari ukasema "dokta nachoka" umempa kitu ambacho watu kumi waliokutangulia kwenye foleni wamekisema pia. Anaangalia sukari yako imepanda kidogo, anaangalia presha, ana dakika chache na benchi nje limejaa, basi anakwambia punguza mawazo. Simtetei, ila nakueleza inavyotokea. Kwahiyo kazi yetu mimi na wewe leo ni kuuchukua usiku wako tuuweke kwenye karatasi, maana usiku daktari hayupo, na wewe mwenyewe umelala.

Cha kwanza kabisa naomba utenganishe kuchoka na kusinzia. Watu wanavichanganya, hata sisi madaktari tunavichanganya tukiwa na haraka, lakini vinaelekeza njia tofauti. Kuchoka ni mwili hauna nguvu, mikono mizito, unatamani kukaa, ila ukijilaza mchana usingizi hauji. Kusinzia ni macho yanafunga yenyewe, umekaa kwenye daladala unapitishwa kituo, unasahihisha daftari mstari unachoreka mpaka pembeni ya ukurasa. Wewe umesema unasinzia na kalamu mkononi, hicho ni kitu kikubwa sana na sidhani kama ulikisema hivyo hivyo kule hospitali. Kuna kipimo cha maswali kinaitwa Epworth, kilitengenezwa na daktari mmoja wa Melbourne, Australia, mwaka 1991, na hakihitaji mashine wala hela. Kinakuuliza hali nane za kawaida: umekaa unasoma, unaangalia tivii, umekaa sehemu ya watu kama kikaoni, umepanda gari kama abiria lisaa lizima, umejilaza mchana, unaongea na mtu, umekaa kimya baada ya chakula cha mchana, uko kwenye gari limesimama foleni. Kila moja unajipa namba, 0 kama huwezi kusinzia kabisa mpaka 3 kama lazima usinzie, jumla haizidi 24. Ukivuka 10 huo sio usingizi wa kawaida wa mchana. Jijaze leo leo bila kujionea aibu, namba utakayopata andika juu kabisa ya karatasi yako.

Halafu kukoroma. Hapa nitakaa kidogo, univumilie. Umelitaja kama malalamiko ya mume, yaani kama ugomvi wa nyumbani, na mimi kwa maelezo yako ndicho kitu cha kwanza nilichokishuku. Kuna ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Ukilala misuli ya koo inalegea, kwa baadhi ya watu njia ya hewa inaziba kabisa, kifua kinahangaika kuvuta lakini hewa haipiti, sekunde kumi, ishirini, saa nyingine zaidi, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka unakuamsha kidogo tu uvute pumzi, unakoroma kwa nguvu kama mtu aliyepaliwa, unarudi kulala. Wewe hukumbuki. Asubuhi utaapa kwamba umelala fofofo masaa nane. Lakini ikitokea mara thelathini au zaidi kwa lisaa limoja, hicho tayari ni kiwango kikali, na ubongo haujawahi kutulia kwenye usingizi mzito hata kidogo. Ndio maana unaamka na kichwa kizito.

Na presha inaingia hapa hapa. Kila pumzi ikikatika mwili unamwaga homoni za mshtuko, mishipa inabana, presha inapanda usiku wakati ilitakiwa ishuke. Kwahiyo mtu anameza dawa mbili, tatu, na presha haikai sawa, anaambiwa hamezi vizuri au anakula chumvi, kumbe chanzo kingine kiko kooni. Hata kukojoa usiku kunaweza kutoka huko, kwa sababu kifua kikihangaika kuvuta hewa isiyopita moyo unatanuka, unadhani mwili umejaa maji, unatoa homoni ya kuyatoa kwa njia ya mkojo. Wagonjwa wengi pumzi ikishatibiwa wanashangaa safari za chooni zimepungua.

Kwa wanawake hii inapitwa sana. Vitabuni mgonjwa wa pumzi kukatika alichorwa kama mwanaume mnene mwenye shingo pana, basi mwanamke akija na uchovu, kichwa kuuma asubuhi na kukosa raha anapewa jina la mawazo. Na kwenye umri wako, hedhi zikielekea kukatika, uwezekano unaongezeka. Mama yangu mzazi alikoroma miaka yote ya utoto wetu, watoto tulikuwa tunacheka, tulishaona ndio mlio wa nyumba yetu. Alikuwa na presha isiyoshuka. Nimekuja kuunganisha vitu hivi nikiwa tayari daktari, na yeye ameshapata kiharusi. Ndio maana mtu akiniambia mume analalamika kukoroma, mimi siichukulii kama stori ya pembeni.

Kwahiyo mwombe mume afanye kazi mbili. Moja, usiku mmoja asilale mapema, akusikilize: unakoroma ukiwa umelala chali tu au hata ubavu? Kuna sehemu unakuwa kimya ghafla halafu unashtuka kama unapaliwa? Pili, achukue simu arekodi, video ya dakika tatu nne yenye sauti inatosha. Video hiyo mpelekee daktari. Nakuhakikishia daktari akishaisikia ile kimya halafu ule mshtuko, maongezi yanabadilika. Na upime shingo yako kwa futi ya fundi cherehani, ukikuta sentimita 40 au zaidi andika.

Tuje kwenye dawa zako, maana hapa nimeona vitu vinne na vyote vinarekebishika.

Hiyo dawa ya kukojoza unayomeza usiku. Mwalimu, dawa ile inafanya kazi yake saa yoyote utakapoimeza, ukiimeza saa tatu usiku itakukojoza usiku. Nyingi zimekusudiwa zimezwe asubuhi. Usiihamishe mwenyewe kimya kimya, lakini uliza kwa maneno haya haya: "dokta, hii ya kukojoza naweza kuihamishia asubuhi?" Hilo swali halichukui hata nusu dakika.

Glibenklamidi nayo inakaa mwilini muda mrefu, na ukila kidogo jioni, au figo zikianza kuchoka, inaweza kushusha sukari katikati ya usiku ukiwa umelala. Dalili zake zinajificha: jasho mpaka kanga inalowa, ndoto za kukimbizwa, moyo kwenda mbio, asubuhi kichwa kinauma na unajisikia kama umepigwa. Kinyume chake kipo pia, sukari ikiwa juu, tuseme inavuka 10 kwenye mashine, figo zinashindwa kuirudisha yote inapita kwenye mkojo ikivuta na maji, ndio unakojoa usiku kucha. Hayo mawili yanafanana asubuhi, yote yanakuamsha umechoka, na huwezi kuyatofautisha kwa kukisia. Weka alamu saa tisa usiku, siku tatu hivi tofauti ndani ya wiki, pima, andika. Ikiwa chini ya 3.9 kula kitu chenye sukari hapo hapo kabla hujarudi kulala, na asubuhi yake usisubiri tarehe ya kliniki, nenda. Wanaotumia insulini hili linawahusu zaidi.

Metformini ni dawa nzuri na sitaki uikimbie. Ila ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na B12 ikishuka unapata uchovu, ganzi, miguu kuwaka moto, kumbukumbu kuyumba. Miaka tisa ni mingi. Hujaniambia kama miguu inawaka au ina ganzi, kama ndiyo itaje, maana maumivu ya neva yana tabia ya kuamka usiku nyumba ikitulia, na kila yakikugusa yanakukatia usingizi hata kama hufumbui macho.

La mwisho ni Piriton, na hapa naomba unisikilize. Dawa ya mzio inayoleta usingizi inakulaza kweli, ila haikupumzishi, na asubuhi inabaki mwilini inakuongezea uzito wa kichwa. Na kuna watu wana ile hali ya miguu kutotulia, jioni wakikaa au kulala miguu inatekenya kwa ndani, inavuta, mpaka usimame utembee ndio inaacha, dawa hizi zinaizidisha. Hali hiyo pia inapenda kuja na upungufu wa madini ya chuma na kwa wenye figo zilizochoka, kwahiyo kama unaijua itaje kwa jina hilo hilo, miguu haitulii. Zaidi ya Piriton, mtu asije akakupa Valium kabla hujachunguzwa pumzi. Dawa za kundi hilo zinalegeza koo zaidi na zinauchelewesha ubongo kushtuka, yaani kwa mtu anayekatika pumzi ni hatari ya kweli. Na pombe vivyo hivyo, hata bia moja ya kulalia.

Sasa karatasi yenyewe. Wiki mbili. Usiandike insha, ukurasa mmoja unatosha: saa uliyopanda kitandani, mara ngapi umeamka na kwa nini, saa uliyoamka, asubuhi ulijisikiaje kwa namba 1 mpaka 5, mchana ulisinzia wapi, chai au kahawa ya mwisho saa ngapi (chai ya saa moja jioni bado nusu yake iko kwenye damu usiku wa manane kwa watu wengi), na sukari za zile siku tatu. Nyuma ya karatasi bandika au andika dawa zote na saa unazomeza, pamoja na za dukani na za miti shamba, usifiche yoyote.

Ukiingia kwa daktari usianze na sukari. Anza na hili, lisome kama lilivyo kama utaona aibu: "Dokta, nalala masaa nane kila siku lakini ni miezi kadhaa sasa naamka nimechoka na nasinzia kazini, namba yangu ya kusinzia ni fulani kati ya 24. Nakoroma, video hii hapa. Nakojoa mara tatu mpaka nne usiku. Naomba tutafute sababu." Weka na mfano mmoja wa madhara, ule wa kalamu. Daktari anasikia tofauti akiambiwa "nimeshindwa kusahihisha mitihani ya watoto" kuliko "najisikia vibaya". Hapo husumbui mtu, unafanya sehemu yako ya kazi ambayo yeye hawezi kukufanyia.

Vipimo vya kuuliza ni vya kawaida: sukari ya miezi mitatu, picha kamili ya damu kuangalia upungufu wa damu, akiba ya madini ya chuma ambayo kipimo chake kinaitwa feritini, figo, tezi ya shingo, na B12 kama maabara yao inapima. Kama kuna jasho la usiku, kikohozi au unapungua mwili bila kutaka, kifua kikuu na VVU vipimwe bila kuonea haya. Hivyo vyote havimalizi suala la pumzi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na damu safi kabisa na bado koo linaziba. Kwa hilo omba rufaa kwa madaktari wa pua, koo na masikio au wa mapafu kwenye hospitali ya rufaa. Kuna kipimo cha kulala nacho usiku mzima, unafungwa vifaa vya kuhesabu pumzi na oksijeni, na pale ambapo hicho hakipo hata kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kikivaliwa usiku kucha na kikawa kinarekodi kinampa daktari mwanga.

Na wakikuta kweli ni pumzi, tiba ipo. Kupunguza uzito kama umezidi, kulala ubavu badala ya chali, na ikiwa kali kuna mashine ndogo ya kusukuma hewa kupitia barakoa puani ili koo lisizibe, iligunduliwa Sydney, Australia, na daktari Colin Sullivan aliyeitangaza mwaka 1981. Sitakudanganya, mashine ni ghali na bima sio lazima ilipe, ulizia kabla. Ila nimeona watu wameivaa usiku wa kwanza wakaamka wanalia kwa sababu walishasahau kuamka vizuri kunakuwaje.

Kuhusu mawazo. Yule wa kwanza aliyekwambia hivyo sio lazima awe amekosea kila kitu, tatizo ni kwamba aliishia hapo. Ugonjwa wa kudumu na sonona vinatembea pamoja, na sonona inaharibu usingizi, hasa ule wa kuamka saa tisa au kumi alfajiri na kushindwa kurudi, vitu ulivyovipenda havikupi raha tena, unajiona mzigo. Kama uko huko sema, ni ugonjwa una dawa na una ushauri nasaha. Kama kuna wazo la kujidhuru usisubiri wiki mbili za karatasi, nenda leo na mtu unayemwamini. Ila daktari akisema mawazo bila kukuuliza hayo, una haki ya kumwuliza kwa heshima, "dokta, tumeshaondoa na sababu nyingine?"

Kuna na kundi dogo ambalo vipimo vyote vinarudi safi, pumzi safi, na mtu bado anaamka amechoka. Kama na wewe utaishia hapo, jiangalie jambo moja: ukifanya kazi kidogo kuzidi kawaida yako, unaanguka kesho yake au keshokutwa, siku kadhaa huwezi kitu, kichwa kina ukungu? Huo ni uchovu sugu, ugonjwa unaojitegemea, mwaka 2015 jopo la wataalamu Marekani liliweka vigezo vyake na usingizi usioburudisha ni kimojawapo, pamoja na kushuka kwa uwezo wako kwa miezi sita au zaidi. Nalitaja kwa sababu ushauri wa "fanya mazoezi tu utapona" ambao kwa sukari ni mzuri, kwa watu hawa unaweza kuwadidimiza, na Uingereza mwaka 2021 mwongozo wao uliachana na ile tiba ya kuongeza mazoezi kwa ngazi. Wao wanahitaji kugawa nguvu zao, wafanye na kupumzika kabla hawajaishiwa. Kwako wewe sidhani kama ndiko tulipo, maelezo yako yana sababu nyingi zinazoonekana kabla ya kufika huko.

Yasiyosubiri: ukiamka usiku unahema na inabidi ukae ndio upate pumzi, ukilazimika kulalia mito mitatu, miguu ikivimba, kifua kikibana, hiyo inaweza kuwa moyo, nenda siku hiyo hiyo. Na kama unaendesha pikipiki au gari kwenda shuleni, simama kwanza mpaka upate majibu, panda na mwenzako.

Wiki mbili zikiisha nenda kliniki siku ya kawaida, asubuhi, karatasi mkononi, video kwenye simu yenye chaji. Na mume aje. Nimesema aje, sio akusindikize mpaka getini, aingie ndani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa macho, na daktari akiuliza pumzi inakatika mara ngapi wewe huna jibu, yeye analo.